Njia ya Taa Kumi na Mbili

Fundi wa redio hakuwa na kiti. Benchi lilikuwepo, la wateja, limesukumwa ukutani chini ya rafu ya redio zilizosubiri zamu, lakini yeye mwenyewe sikumwona akilikalia miaka yote niliyokuwa nikipita mbele ya duka lake pale Cheyo. Alifanya kazi amesimama, akiizunguka meza. Parafujo ya kwanza aliifungulia upande huu, ya pili upande wa pili, na katikati ya safari hiyo alitoka mlangoni kutazama barabara, akarudi, akasahau parafujo kaiweka wapi, akamlaumu paka. Paka hakuwa wake. Mteja mmoja wa Itetemia aliwahi kumuuliza, "Fundi, ukikaa utakufa?"

"Sitakufa, nitalala. Na nikilala, redio yako utaisikia mfungo mosi."

Nimemkumbuka kwa sababu siku hizi vijana wananijia nyumbani kuniuliza wasome nini ili waje kutengeneza gemu. Wanauliza kwa utulivu, simu mkononi, kana kwamba jibu limeandikwa mahali fulani na mimi kazi yangu ni kuwasomea. Utulivu wao unaniudhi kidogo. Mimi niliuliza swali hilohilo nikiwa kidato cha nne, wakati neno gemu lilikuwa halijafika Tabora, na niliyemuuliza alikuwa huyu mtu asiyekaa.

Kazi yake aliijua, hilo hata maadui zake walikubali. Baada ya Uhuru kila nyumba ilitaka redio, na zikiharibika zililetwa kwake kutoka Ntalikwa na mbali zaidi, zimefungwa kwenye kanga nyuma ya baiskeli kama wagonjwa. Mkulima akifika aliamkiwa kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" na kuulizwa mvua kabla ya kuulizwa redio. Wazee wa mjini walijibiwa kwa Kiarabu chao cha msikitini. Mfugaji mmoja wa Igunga alileta redio iliyojaa vumbi mpaka ndani. Fundi akaitikisa, akamwambia, "Bwana, hii redio mlikuwa mnaisikiliza au mnaichunga?" Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo kila akija mjini alipita kumsalimu hata kama hana shida.

Lakini redio yenyewe Fundi hakuisikiliza. Akishaitengeneza alizungusha mpaka sauti itoke. Hotuba au taarabu, kwake vyote sawa. Alisikiliza maneno matatu manne, akaizima. "Imepona," alisema. "Mengine kasikilize kwako." Nchi nzima ilikuwa imetega sikio kwenye hotuba za kujenga nchi, na mtu aliyezifanya hotuba hizo zisikike Cheyo hakujua zilisema nini. Nilimwona mwongo kwa ajili hiyo, halafu nikamwona mjanja. Leo nadhani hakuweza tu kusimama mahali pamoja kwa muda unaohitajika kumsikiliza mtu mwingine.

Kilichonivuta dukani kilikuwa sanduku. Lilikuwa la redio kubwa ya zamani, ya mbao, iliyokwisha kukata roho. Fundi aliitoa matumbo yote, akatoboa usoni mistari miwili, kila mmoja wa matundu kumi na mawili, na juu ya kila tundu akaweka globu ya tochi. Kila tundu lilikuwa kambi. La kwanza Ujiji, la mwisho Bagamoyo, na katikati majina aliyoyaandika kwa rangi nyeupe: Uvinza, Tabora yetu, Tura, Mpwapwa, na mengine aliyoyaokota kwa wazee ambao babu zao walibeba mizigo njia hiyo.

Walicheza wawili, kila mmoja na mstari wake. Ulikuwa na swichi nyuma ya kibao ili mwenzako asiione, ukachagua hatua moja, mbili au tatu. Mkishachagua, kitufe cha katikati kinabonyezwa. Mkiwa mmechagua tofauti, kila mtu anachomeka pini yake mbele kwa hatua zake, na taa ya kambi mpya inawaka. Mkiwa mmechagua sawa, inawaka taa nyekundu: mmegombania kisima kimoja, mmekichafua, wote mnarudi nyuma kambi moja. Basi, ndio mchezo wote. Mtoto wa miaka saba aliuelewa, na makuli wa stesheni waliuacha wali wao ukapoa.

Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na swichi nyingine isiyoandikwa kitu. Hiyo ilikuwa ya Fundi peke yake. Alikuwa hawezi kushindwa yule mzee. Simaanishi kwamba alikuwa hodari, namaanisha hakuweza kuvumilia. Ukicheza naye na ukabakiza kambi moja uingie Bagamoyo, mkono wake ulipita ubavuni, ikawaka globu iliyopakwa wino wa buluu.

"Mvua!" alisema, kama mtu aliyeshtuka kweli. "Mto umefurika. Aliye mbele anarudi kambi mbili."

"Fundi, jana sheria hiyo haikuwepo."

"Jana haikunyesha."

Watu waliguna, wakacheka, wakarudi kambi mbili. Ndiyo maana bao hakucheza kabisa. Barazani kwa jirani lilichezwa kila alasiri, wakamwita, akatikisa kichwa na kwenda zake. Nilimuuliza mkewe sababu, akaendelea kuchambua mchele huku akinijibu, "Sheria za bao kazikuta, mwanangu. Hawezi kuzigusa."

Mimi nilitaka kucheza kama wengine. Yeye akanipa daftari.

"Kaa hapo kwenye benchi," alisema. "Usiandike nani kashinda. Andika ni wapi mtu alipoanza kutazama barabara."

Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Nilikuwa binti wa kidato cha nne, nimevaa sare, mama ananisubiri nikachote maji, na hapa naandika kwamba kuli mwenye kofia nyekundu ametazama barabara alipofika kambi ya sita. Lakini baada ya wiki kadhaa daftari lilianza kusema. Wengi walitazama barabara palepale, kambi ya sita, mwenzao akiwa amewatangulia sana. Walikuwa wamekwisha kata tamaa, vidole tu ndivyo vilivyobaki mchezoni. Nikamwonyesha Fundi. Alilisoma akitembea, akanuna siku mbili, siku ya tatu nikakuta amefungua sanduku na kuunganisha nyaya upya. Sasa aliyebaki nyuma sana alikuwa harudi nyuma taa nyekundu ikiwaka. Kofia nyekundu hakutazama barabara tena, na mimi sikulala usingizi mzuri kwa furaha. Nilikuwa nimegundua kwamba mchezo ni kitu kinachotengenezwa, kwamba kuna mtu anaamua utakata tamaa wapi na utatumaini wapi. Nilitaka kuwa mtu huyo. Sikujua kazi hiyo inaitwaje wala inasomewa wapi, na nilitaka kuianza jana.

"Fundi, nisome nini ili nitengeneze vitu kama hivi?"

"Hesabu," alijibu bila kufikiri. Juma lililofuata nikauliza tena, akasema useremala, maana sanduku baya linaharibu mchezo mzuri. Siku nyingine alisema nisisome kitu, nikae sokoni niangalie watu wanavyopatana bei. Kila jibu alilitoa kwa uhakika uleule. Nilikuwa nayaandika yote nyuma ya daftari, nikirudi nyumbani nayapigia mstari, na kesho yake nayafuta.

Kisha akaja balozi wa nyumba kumi. Huyu alikuwa mzee mpole, mwenye baiskeli isiyo na breki, anayesimama kwa kuburuta viatu. Alisalimia, akakaa kwenye benchi karibu yangu, akalitazama sanduku kwa huzuni.

"Fundi, watu wanasema hapa pana kamari."

"Hapapiti hata senti. Muulize binti huyu, anaandika kila kitu."

"Sawa, nimekubali. Lakini mmoja anaingia Bagamoyo, mwenzake anaachwa porini. Sasa hivi tunajenga nchi, Fundi. Huyu aliyeachwa Tura ni ndugu yetu au si ndugu yetu?"

Mtu mwingine angebishana. Fundi alipenda kubadili sheria kuliko alivyopenda kula. Kesho yake mchana mchezo ulikuwa wa kijamaa: mstari mmoja, msafara mmoja, wote wanachagua hatua pamoja na wote wanafika. Taa nyekundu aliikata waya. Balozi alialikwa kuuzindua. Akatoka Ujiji na makuli watatu, wakafika Bagamoyo, wakapeana mikono. Wakacheza tena, wakafika tena. Mara ya tatu balozi mwenyewe, walipokuwa Mpwapwa, alitazama barabara. Niliandika.

Baada ya siku tatu duka lilikuwa halina mtu. Fundi aliizunguka meza mpaka nikapata kizunguzungu. "Wametaka wote wafike," alisema, "nimewafikisha. Wanataka nini tena?" Alikuwa karibu kulia, na mimi nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa naona kitu na sikujua nakionaje.

Jioni ile, nikimenya viazi, nikakiona. Walikuwa wanafika kwa sababu hakuna aliyewazuia. Wapagazi wa zamani hawakushindana wao kwa wao, walishindana na njia. Asubuhi nilipitia dukani kabla ya shule nikamwambia Fundi arudishe taa nyekundu, aiunganishe na swichi ya pili, na swichi hiyo apewe mtu mmoja atakayekuwa Njia. Msafara unachagua hatua pamoja, Njia naye anachagua kwa siri. Wakifanana, mzigo mmoja umepotea. Mizigo mitatu tu. Ikiisha, msafara umekufa.

Aliunganisha palepale, nikachelewa shule nikachapwa. Niliporudi alasiri watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wananong'onezana, wanagombana hatua ngapi, wanashikana mikono. Na Njia alikuwa nani? Balozi. Alikuwa amekumbatia swichi kifuani, macho yanang'aa, na tayari amekwisha iua misafara minne. Ilibidi wamwombe sana awapishe wengine. Tangu siku hiyo akipita na baiskeli yake makuli walimwita, "Njia! Shikamoo Njia!" naye akaitikia marahaba bila aibu.

Fundi aliitazama taa nyekundu ikiwaka na kuzima. Akatoka nje, akasimama barabarani, ametupa mgongo. Nilidhani ananionea fahari.

Fomu zilikuja mwezi ule ule. Mkuu wa shule alituwekea mezani Ijumaa, akazitaka Jumatatu, zimejazwa, chaguo la kwanza mpaka la tatu. Ualimu ulikuwepo, uuguzi, uhazili, kidato cha tano, na mwishoni chuo cha ufundi huko Dar es Salaam, umeme na redio. Hakuna kilichoandikwa kwamba hapa ndipo wanaposomea watu wa kutengeneza michezo. Mkuu wa shule alinisimamia begani. "Wewe hesabu unaziweza," alisema. "Nenda ualimu. Umeme utakuchubua mikono." Nikaandika ufundi, chaguo la kwanza, kwa penseli, nikaikimbiza fomu Cheyo.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, binti. Umeleta nini?"

Alisoma, akaizunguka meza mara mbili, akanirudishia.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Ufundi. Andika ualimu. Nchi inataka walimu, redio nzima inasema hivyo. Utakuwa mwenye choyo kujifungia na waya wakati watoto hawajui kusoma?"

Neno choyo lilinichoma. Zama zile hakuna neno baya kuliko hilo. Mtu asiyesikiliza redio alikuwa ananitolea hoja ya redio, na mimi sikuliona hilo, nilimwona mtu ninayemwamini kuliko wote akinitazama usoni bila kutembea. Alikuwa amesimama tuli. Nikafuta juu ya meza yake, unga wa kifutio ukaingia kwenye parafujo. Mama alifurahi. Mimi nililia chooni, nikanawa, nikala.

Nikawa mwalimu. Nilifundisha hesabu Igunga, shule ya vyumba vinne, na sikutulia hata muhula mmoja. Niliomba uhamisho, nikaghairi, nikaomba tena. Darasani nilishindwa kufundisha kugawanya bila kukugeuza kuwa mchezo. Watoto walikuwa wakigawana kokoto kama ng'ombe wa maboma yao, mmoja wao akiwa fisi wa kuwaiba. Mkaguzi aliandika kwamba darasa langu lina kelele. Kila nilipoona mtoto anatazama dirishani, mkono ulitafuta daftari.

Halafu akaja mtaalamu mgeni kufunga pampu ya kisima, akala kwetu chakula cha mchana, akatusimulia kwamba kwao watu wana televisheni yenye nukta nyeupe inayokimbia, unaizuia kwa kuzungusha kitufe kama kile cha redio, ukiikosa umeshindwa. Walimu wenzangu walicheka, watu wazima na nukta. Mimi kijiko kilinitoka mkononi.

"Aliyekitengeneza kitu hicho alisoma nini?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa mshangao. Hakujua. Lakini mwaka uleule walimu wa kazini tuliruhusiwa kuomba masomo, na fomu ilikuwa na sehemu mbili zilizonihusu: ualimu wa hesabu daraja la juu, au umeme na elektroniki. Nikaijaza kwa kalamu ya wino, elektroniki, nikapanda lori kwenda Tabora kuipeleka ofisini mwenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na watoto wawili. Ofisi ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu. Saa saba nilikuwa Cheyo.

Sikwenda kuomba ushauri. Nilikwenda kumwambia.

Nilimkuta amekaa. Amekaa kwenye benchi la wateja, mikono magotini, na hilo lilinitisha kuliko ukungu ulioingia machoni mwake. Ilikuwa miaka ya foleni, mabetri hayapatikani, redio zimejaa rafuni, zimetengenezwa, kimya. Alinijua kwa sauti. Mkewe akaleta uji. Nikamsomea fomu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hasira niliyokuwa sijui bado ninayo.

Akaweka bakuli la uji chini. Kisha akasema, "Siku ile nilikwambia nchi inataka walimu."

"Ulisema."

"Ilikuwa inawataka, kweli. Lakini siku ile haikusema nchi. Nilisema mimi." Alipapasa ukingo wa benchi. "Mimi nilikaa na mchezo uliokufa siku tatu. Wewe uliufufua jioni moja, unamenya viazi. Nikajiuliza, huyu akirudi na cheti, mimi nitakuwa nani hapa Cheyo? Nikakurudisha kambi mbili, mwanangu. Hapakuwa na mvua yoyote."

Nilitaka kutoka. Hata nikasimama. Miaka kumi na minne yangu, kokoto, mkaguzi, uhamisho, yote kwa sababu mzee huyu hakuvumilia kushindwa. Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya, na mkewe aliyesikia hakunikataza. Fundi alipokea yote. Nilipomaliza, akaniomba nishushe sanduku kutoka rafuni.

Lilikuwa limebaki na globu saba katika mistari yote miwili. Betri la gari, alisema, lina nguvu kidogo, alikuwa akiliweka akiba. Hakusema akiba ya nini. Alitaka mchezo wa kwanza kabisa, ule wa wawili. Niliangalia saa ya ukutani, nikakaa.

Tulicheza. Kambi nyingi zilikuwa gizani, tulizihesabu kwa vidole. Taa nyekundu iliwaka mara tatu, mara zote nikajua alichofikiri. Nikampita Tura. Nikampita Mpwapwa. Nilikuwa nimebakiza kambi moja, nimechagua hatua yangu, nikaona mkono wake, umekonda, unapita ubavuni mwa sanduku kuitafuta swichi isiyoandikwa kitu. Ukaipata. Nikangoja.

Mkono ukarudi magotini.

"Leo hainyeshi," alisema. "Ingia."

Kitufe kikabonyezwa, nyekundu haikuwaka. Nikachomeka pini Bagamoyo. Taa nayo haikuwaka. Nikaitoa, nikaichomeka tena kwa nguvu, kama mtoto.

"Hiyo globu nilimpa mkunga wa Ng'ambo, ya tochi yake," alisema Fundi. "Usiisumbue. Umefika, nimeona. Haya nenda, ofisi itafungwa."